Baba Alivunja Chungu, na Sasa Kuacha Pombe Kutamuua

Mhariri, naomba ufiche jina langu, na kijiji chetu usikitaje; sema tu ni milimani, juu ya Same. Nina miaka ishirini na miwili, ni mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa. Mama alifariki nikiwa chuoni. Naishi na baba yangu, na ni kwa ajili yake ninaandika.

Baba alikuwa nyapara katika shamba la mkonge huko tambarare. Mashamba yalipotaifishwa alirudi mlimani, akarudi na kiu. Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa ameshakunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, na jioni gongo ikipatikana. Hakuwa mgomvi. Alikuwa anatoweka tu huku amekaa mbele yangu, nami namsomea gazeti mtu ambaye hayupo.

Baba mkubwa, kaka yake, ambaye ni mzee wa kanisa, alichoshwa na aibu. Alimwita mbele ya ukoo akamtaka avunje chungu. Ninyi wa mbali huenda hamjui: kwetu mtu akivunja chungu kwa kiapo, neno halirudi. Baba alikiinua chungu chake cha pombe akasema, "Nikionja tena, kinivunje hivi mimi na uzao wangu," akakipiga juu ya jiwe. Watu walishangilia. Nami nilishangilia. Uzao wake ni mimi peke yangu.

Aliacha siku hiyo hiyo, kabisa. Kesho yake mikono ilitetemeka hata uji ukamwagika. Likaja jasho, usingizi ukamkimbia, akawa anafukuza siafu ukutani ambao mimi sikuwaona. Nilikuwa namfuta uso alipokakamaa, akaanguka, akajiuma ulimi. Majirani walifika wakasimama mlangoni. Mmoja alisema, "Chungu kimemshika. Huyu alikunywa kwa siri." Na baba alikuwa hajagusa hata tone! Nililia mpaka vijana wakakubali kumbeba kwa machela hadi barabarani, wakiangalia pembeni njia nzima.

"Mwalimu, nani kamkatia pombe ghafla?" daktari aliniuliza. Nikajibu kwa fahari kwamba ameacha mwenyewe. Akatikisa kichwa. Alinieleza kuwa mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata kifafa, na mtu akafa. Kwamba mtu kama baba aachie pombe wodini, kwa dawa ya kutuliza inayopunguzwa kidogo kidogo, sindano za vitamini, chakula, na macho ya wauguzi. Baba alianza kutulia. Alinitambua. Aliniuliza kama maharage yameshapaliliwa.

Ndipo baba mkubwa akaja, akamkuta baba anasinzia, maneno yanamtoka kwa shida.

"Mnamlewesha kwa sindano? Si ameapa huyu?"

"Shikamoo mzee. Hii ni dawa, si pombe," muuguzi alimjibu.

"Marahaba. Kinachomlegeza mtu ulimi, kwetu kina jina moja tu."

Akamtoa, matibabu yakiwa nusu. Daktari alinifuata hadi nje. "Akirudia kunywa, usimwache aache mwenyewe nyumbani. Mara ya pili huwa mbaya zaidi. Mlete angali anakunywa."

Alirudia. Mikono ilianza tena, akanywa ili itulie. Sasa anakunywa kwa siri, na anayemletea ni mimi, maana nimeona anavyokuwa akikosa. Nanunua kijiji cha pili, natia kwenye chupa ya chai, naificha kikapuni chini ya madaftari ya watoto. Mama muuzaji hunicheka: "Mwalimu, hili somo lako mbona halina likizo?" Wanafunzi wangu wameshasikia kwamba mwalimu anakunywa. Waseme.

Nilimsihi baba tushuke hospitali. "Mwanangu," akasema, "nikirudi kule wote watajua nimeonja. Aliyekiuka chungu haketi na watu, wala watu hawamziki. Na wewe nani atakuoa?" Nikamwambia atakufa. "Nitaacha Kwaresima ikianza. Peke yangu. Nitafunga mlango, wewe utakwenda kazini kwako." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayepanga siku ya kupalilia.

Siwezi kumbeba peke yangu, na nikiita vijana wa machela lazima niseme sababu. Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Kabla sijafika mbali na maneno yangu akaniuliza, "Kwani amekunywa?" Nikasema la, nimekuja kuuliza zamu yetu ya shamba la kijiji.

Nimesoma, ndugu zangu. Nafundisha watoto kwamba radi si hasira ya mtu. Lakini vigae vya kile chungu bado viko nyuma ya nyumba, hakuna anayethubutu kuvizoa, na mimi navizunguka. Kila nikimmiminia baba nahesabiwa pamoja naye, kwa kuwa aliapa na mimi ndani. Sijui tena kama nanyamaza kumlinda yeye au kujilinda mwenyewe. Kusali nasali, lakini nasali kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nikisema, ukoo utamzika baba angali hai. Nikinyamaza, atajifungia na kufa, nao watasema chungu kimemuua, na hakuna atakayejua kwamba kilichomuua ni kutii kiapo. Jana nilimkuta anachonga komeo jipya la mlango wake. Mikono ilikuwa imetulia kabisa, maana nilikuwa nimetoka kumpa.

Ninyi mnaosoma, hasa kama yupo aliyewahi kumshusha mzazi hospitali bila ridhaa yake: nianze kumwambia nani, na kwa maneno gani? Barua huchelewa kufika huku juu. Nijibuni kabla komeo halijakamilika.