Mtoto Aliyepita Bila Viza

Mwanangu alizaliwa Moshi kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba muuguzi aliponiletea nilianza kwa kutafuta mtoto yuko wapi ndani ya zile khanga. Hakupaswa kuzaliwa pale. Mimi na mume wangu ni wakazi wa kudumu wa Marekani, wenye grini kadi lakini bado si raia, na tulikuwa tumekuja Marangu kumzika baba mkwe. Mume wangu akarudi kazini. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita, nikabaki nyuma wiki chache nimchangamshe mama mkwe baada ya watu wa matanga kutawanyika. Mtoto akaamua mambo yake.

Daktari alisema dawa ya mtoto njiti ni joto la kifua cha mtu. Basi tukambeba ngozi kwa ngozi, mimi na mama mkwe kwa zamu. Mama yule ni mzee wa kanisa, sijawahi kumwona bila gauni la mikono mirefu, lakini alifungua vifungo mbele ya wodi nzima bila kumtazama mtu. Nikizinduka usingizini namkuta ameegemea ukuta, anamwambia mtoto, "Mume wangu, pumua." Mabibi wote huwatania wajukuu zao hivyo. Ila huyu, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza wa kiume, alikuwa amepewa jina la babu yake, yule tuliyemzika juzi tu, na utani ule ulikuwa mzito kuusikia.

Naye akapumua. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, lakini wiki zile nilishangaa mpaka nikachoka. Kitu kinachoenea kwenye viganja viwili kiling'ang'ania dunia kuliko mimi mwenyewe, na nilikuwa naogopa hata kukohoa karibu yake.

Tuliporudi Marangu akaanza kunenepa. Mama mkwe alinilisha mtori wa ndizi asubuhi na jioni hadi nikawa nauota. Mlima ukifunguka alfajiri, alimtoa barazani akamwonyesha kilele cha Kibo na kumwambia ni chake, na kwa jinsi alivyosema, usingethubutu kubisha.

Shida ilikuwa kadi yangu. Mkazi wa kudumu akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali, anaweza kuambiwa ameuacha ukazi wake. Mtoto, kwa upande wake, hakuwa na kadi wala viza. Tukaamua, sisi tunaojiona tuna akili: nirudi peke yangu, mume wangu amwombee mtoto kwa njia ya kawaida, ambayo ni foleni ya miaka, na mpaka hapo mtoto akae kwa bibi. Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mjukuu kulelewa na bibi ni jambo la kawaida kabisa. Mama mkwe alifurahi hadi akaanza kuulizia ng'ombe wa pili wa maziwa. Mume wangu ndiye kitindamimba, kwa hiyo kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, ni chake, na tangu msiba kilikuwa hakina mwanamume. Sasa kimempata.

Kisha siku moja mume wangu akapiga simu, sauti ameishusha. Wakili alikuwa amemwambia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia popote: mtoto aliyezaliwa nje, mama yake mkazi akiwa safarini kwa muda tu, hahitaji viza. Anaingia pamoja na mama, mradi hajatimiza miaka miwili, na mradi ni mara ya kwanza mama huyo kurudi tangu amzae. Wanampa ukazi wake pale pale anapoingia. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti yake, kadi yangu, basi.

"Na nikitangulia mwenyewe, halafu nirudi kumchukua?" nikauliza.

"Hapo njia hiyo imekufa. Inabaki foleni."

Nilikaa kwenye jiwe la kufulia. Sheria za watu wale nazijua, zimenivua viatu na kunihoji kama mwizi wa kuku. Sikujua kwamba ndani ya hizo hizo kuna mtu aliwahi kutulia akamfikiria mwanamke aliyejifungua safarini, akaandika kwamba asitenganishwe na mwanawe. Tiketi ya kurudi peke yangu ilikuwa imeshakatwa.

Nilimwambia mama mkwe siku hiyo hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema "Sawa," akaenda kukata majani ya ng'ombe. Kesho yake asubuhi nilikuwa barazani namnyonyesha mtoto, akaja na jani la isale amelipiga fundo. Kwa Wachagga isale ndilo jani la kuombea msamaha. Ukiletewa, hata na mtu aliyekuulia ndugu, humrudishi hivi hivi. Nikashtuka.

"Mama, umenikosea nini?"

"Bado. Nakuja kukukosea sasa, ndiyo maana nimelitanguliza." Akaniwekea jani magotini. "Niachie mtoto."

Mimi ni binti wa Masama, na watu wa Marangu wana maneno yao kuhusu wanawake wa upande wetu, kwamba hatujui kunyamaza. Siku hiyo nilinyamaza. Nilijaribu kukasirika nikashindwa, kwa sababu ujanja ule ulinizidi kimo, na kwa sababu alikuwa na haki. Mtoto yule aliishi kwa kifua chake sawa na changu.

Nikalichukua isale. "Msamaha nimetoa, mama. Mtoto sitoi." Kisha nikamweleza tena, polepole: nikimwacha, mlango ule haufunguki mara ya pili. "Atakua akinijua kwenye simu."

Akakaa ngazini. "Kwenye simu," akasema. "Kama ninavyomjua baba yake."

Akanyoosha mikono, nikampa. Alikaa naye hadi jua likatufikia miguuni. Aliponirudishia alisema, "Mpeleke. Mtoto wa kwenye simu ninaye mmoja, ananitosha."

Tuliondoka mtoto ameanza kukaa mwenyewe. Pale uwanja wa ndege wa KIA dada wa kaunta alifunua pasipoti ya mtoto ukurasa kwa ukurasa akitafuta viza, akamwita mkubwa wake, tukawekwa pembeni wakasoma, wakapiga simu, wakasoma tena. Hatimaye wakatupitisha. Upande wa pili, Marekani, ofisa alitazama cheti, akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kurudi tangu nijifungue. Nikasema ndiyo. Akamtazama mtoto, naye alikuwa amelala, akagonga muhuri. Nililia mbele ya watu, na sikuona aibu.

Tulipofika nyumbani nilimpigia mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Tumefika."

"Marahaba. Walimwuliza nini mume wangu?"

"Hawakumwuliza kitu. Amepita kwa sababu yuko na mimi."

Nikamsikia ng'ombe nyuma yake. "Sheria nzuri hiyo," akasema. "Na mama akitaka kumfuata mwanawe?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amempakata mtoto, anasikia kila neno. "Mpaka mwanawe awe raia, mama. Sisi bado."

"Kwa hiyo mtoto anapita kwa mama yake," akasema taratibu, "ila mama hapiti kwa mwanawe."

Mume wangu alinipa mtoto, akachukua simu, akatoka nayo nje.