Nilibadilisha miguu ya mbele ya pickup, mama akaelewa vingine

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mnaojifanya mpo kazini.

Ninachoandika hapa ni ukweli mtupu, sijaongeza chumvi. Anayebisha aende Visiga akamuulize fundi Mudi, ambaye hadi leo akiniona anaangalia kwanza miguu yangu ndipo anasalimia.

Nina pickup, double cabin, ya zamani kidogo lakini engine bado ina heshima zake. Naishi Kibaha. Mama yangu yuko Chole. Niwahi kusema, ni Chole ya Kisarawe, siyo ile ya Mafia, maana humu kuna watu wataanza kuniuliza pickup ilivukaje bahari.

Njia ya kwenda kwa mama, ukishaacha lami pale Mlandizi, kiangazi ni vumbi na masika ni tope. Masika fulani nilikwama, nikavutwa na trekta huku watu wananipiga picha. Nikarudi mjini na hasira zangu.

Nikaamua kujiandaa.

Nikachomelewa bampa la chuma, lile zito kabisa, na ndani yake nikafunga winchi, ile mashine ya waya ya kujivuta ukikwama. Mtu akiniuliza vyote hivyo vya nini, najibu, "Ni kwa ajili ya kwenda kumwona mama." Jibu zuri sana hilo wakuu, hakuna anayelibishia, hata mke.

Tangu nifunge winchi sijakwama hata mara moja. Ni kweli pia kwamba tangu nifunge winchi nilikuwa sijaenda mahali penye tope.

Tatizo likawa uzito. Gari iliinama mbele kama mtu anayetafuta sindano. Taa zinamulika lami ya hapo hapo, tairi zinalika upande wa ndani, na kila tuta la Morogoro Road nalisikia kwenye meno. Basi safari ya kwa mama ikasubiri gari ikae sawa.

Nikaingia humu humu kuomba ushauri. Mmoja akasema weka spesa, vile vipande vya kuinulia gari, juu ya springi. Nikaweka. Gari ikanyanyuka, kwenye picha ikapendeza, ila springi ni zile zile zilizochoka, kwa hiyo ikaendelea kugonga, sasa ikiwa juu. Yule mshauri sijamwona tena online na sitamtaja.

Mwisho nikakubali yaishe. Springi mpya za kubeba uzito mkubwa, shokapu za kuendana nazo, bushi na ball joint. Kwa wasio na magari, mkusanyiko wote huo ndiyo tunaita miguu ya gari, na anayeishughulikia ni fundi miguu. Shikeni hayo maneno.

Tukiwa katikati ya kazi na Mudi, gereji kwake Visiga, mama akapiga. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka unavyojisikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona kimya? Unakuja lini?"

"Nitakuja mama, nipo kwa fundi hapa. Miguu ya mbele imeshindwa kubeba uzito, anaitoa anaweka mingine. Jambo dogo, usihangaike."

Ikakatika. Nikampigia, hapatikani. Nikaona kawaida.

Alichosikia nilikuja kukijua baadaye. Maneno "ya mbele" yalimezwa na mtandao. Na kwa wazee wa kwetu, fundi si lazima awe na spana. Mganga naye ni fundi.

Jumlisheni wenyewe. Mtoto yuko kwa mganga, miguu imeshindwa kubeba uzito, inatolewa. Na mwili ninao, sikatai.

Siku hiyo kazi haikuisha. Bolti ya upande wa kushoto ilishikana na bushi kwa kutu, tukaimwagia mafuta ilale nayo. Asubuhi nikarudi Visiga. Mama naye asubuhi hiyo alikuwa ameshafika Mlandizi, akaazima simu ya bodaboda aliyemleta, akampigia mke wangu.

"Mume wako yuko wapi?"

"Yuko Visiga kwa fundi, mama. Jana wamemaliza mguu mmoja, leo wanatoa wa pili."

Mke wangu anasema mama hakuaga.

Mimi wakati huo nipo chini ya gari na Mudi, tunabishana na ile bolti, miguu yangu imebaki nje. Nikasikia pikipiki inasimama, sikujali. Mara mtu akanishika kifundo cha mguu wa kulia, akakiminya. Akahamia wa kushoto.

"Acha utani bwana!" nikasema, nikidhani ni muuza kahawa.

"Ipo," sauti ikasema. "Ipo yote miwili, Alhamdulillah."

Nilitoka chini ya gari mbio mpaka nikajigonga kichwa. Mama amekaa chini kwenye oili, kanga imelowa tope, analia. Nyuma yake bodaboda anafungua mipira ya mzigo. Mzigo wenyewe ni magongo ya marehemu baba.



"Tembea," mama akasema.

"Mama, mimi mzima..."

"Tembea nikuone."

Nikatembea mpaka getini nikarudi, mafundi na wateja wote wanaangalia.

"Tena."

Nikaenda tena. Mtu mzima, nina watoto wawili, nafanyishwa gwaride gereji.

Mudi ndiye aliyejitosa kumweleza. Akamwonyesha springi kuukuu iliyotolewa. Mama akaitazama, akatazama gari.

"Gari ina matairi. Nani kawaambia ina miguu?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Baba yako naye alisema yuko kwa fundi," akaniambia. "Kidonda tu cha sukari. Akasema jambo dogo, nisihangaike. Nilipokuja kumwona wameshamkata mguu. Nikasema wewe sikungojei."

Nililia, wakuu. Nimevaa ovaroli ya kuazima, nalia mbele za watu.

Kilichoniuma ni kwamba mama ana magoti mabovu, hata kuinuka kwenye mkeka ni shughuli. Na amepita njia ile ile, tope lile lile, juu ya pikipiki. Winchi hakuwa nayo.

Mudi akamalizia mguu wa pili. Tukamwomba mama alale kwetu, akakataa, kuku wake hawajafunguliwa. Hapo ndipo nikagundua faida nyingine ya gari kuinuka: mama hakuweza kuipanda. Gari iliyoandaliwa kwa ajili yake! Ikabidi tutafute kreti la soda akanyage, mimi huku, Mudi kule, tukampandisha.

Kiufundi sina lawama. Bampa na winchi vimebebeka, usukani umetulia, tope tumelipita taratibu na mbele haijagonga. Winchi hatukuigusa.

 Nilipozima gari mlangoni kwake, mama akaitazama nyumba, akanigeukia.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

Nikashuka kumteremsha.

Haya, somo. Ukiongeza uzito mbele, achana na spesa. Weka springi zilizotengenezwa kubeba uzito huo, na shokapu zake, halafu nenda wheel alignment, wakunyooshee matairi, siku hiyo hiyo. Hapo mnaweza kunibishia, uwanja ni wenu, na mwenye springi bora kuliko zangu azitaje.

Na wewe unayetaka kuandika kwamba gari yako bado haijawa tayari kwenda kwenu, andika pia magoti ya mama yako yana hali gani.