Kabati Langu la Maandazi

Kabati lile la vioo ni langu. Nililinunua mwenyewe nilipokuwa nauza maandazi stendi ya Haydom, kwa watu wanaoshuka kwenye mabasi kuleta wagonjwa hospitali. Mume wangu alipopata kazi ya ujenzi mbali, akanihamishia kijijini kwao Masieda, eti kwa muda tu, kwa sababu nina mtoto mchanga. Huyo mchanga sasa anakimbiza kuku. Kabati likatupwa nyuma ya jiko.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyelipatia kazi. Alikamata mijusi kafiri wawili ukutani, wale weupe wanaotoka taa ikiwaka, akawafugia humo. Akaweka magome ya mti, kifuniko cha maji, na nzi aliowanasa kwa kikombe. Mchana walijificha. Jioni wakitoka anawaamkia: "Shikamooni wazee!" Nilicheka. Nyumba hii sichekagi.

Kisha shemeji, mdogo wa mume wangu, akaleta mjusi wa kwenye mawe, lile dume kubwa lenye kichwa chekundu, akalitia humo humo.

"Shemeji, litawatafuna wenzake."

"Wote si mijusi? Watazoeana."

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage. "Mbona wewe umetuzoea?" akasema, wakacheka wote wawili.

Mama mkwe hajibiwi. Nilimaliza kidato cha nne ili nije kunyamaza mbele ya ungo wa maharage.

Lile dume likalala juani juu ya magome mchana kutwa. Kila nzi aliyeingia alikuwa wake. Wadogo wakitoka jioni, hakuna kilichobaki. Wakakonda. Nikamwambia shemeji alitoe, akasema kesho. Alasiri moja binti yangu akapiga kelele. Mkia ulikuwa unarukaruka peke yake ndani ya kabati, na mwenye mkia yuko mdomoni mwa lile dume.

"Mama, mbona hakukimbia?"

"Akimbilie wapi? Si tumemfungia?"

Nilimpigia simu mume wangu hapo hapo. "Narudi Haydom. Nitapanga chumba."

"Subiri tuvune."

"Ulisema hivyo mavuno yaliyopita."

"Sasa mama atasemaje?"

Nikakata simu. Lile dume nikalirudisha kwenye mawe. Mjusi aliyebaki binti yangu alimwachia ukutani, juu ya kitanda chetu. Kisha nikalitoa kabati uani, nikalisugua kwa maji ya moto na majivu.

Mama mkwe akaja kusimama. "Unaliosha la nini?"

"La maandazi, mama."

"Utamuuzia nani hapa? Ng'ombe?"

"Nitauza Haydom."

Safari hii hakucheka. "Wewe nenda. Hakuna aliyekufunga kamba. Watoto ni wa ukoo huu, watabaki."

Basi sikwenda. Nitatokaje? Nimwache huyu anayewaamkia mijusi?

Lakini nyuma ya jiko sikulirudisha. Nimeliweka sebuleni, karibu kabisa na mlango. Kila anayeingia anapita kiubavu. Shemeji ameshajigonga goti. Mama mkwe ameniamuru niliondoe, nikamwamkia kwanza, nikamwambia litaondoka siku nitakayopanda basi, nikiwa na watoto wangu wote wawili. Kila asubuhi nalifuta vioo.