Maoni Yasiyo na Namba ya Simu

Mwaka 2013 Tunduma, mpakani na Zambia, ilikuwa na vishoka wengi kuliko malori. Lori halijasimama vizuri, wameshaning'inia mlangoni wakimtajia dereva namba zao za simu na kujiita mawakala. Ndiyo maana rafiki yangu Fausta, wakala wa forodha mwenye leseni halali na ofisi ya chumba kimoja jirani na duka langu la vitenge, alikaa miezi bila mteja wa maana. Nani angemtofautisha na wale?

Akaingia kwenye blogu ya Mzee Andongwisye, dereva mstaafu wa Mbeya aliyekuwa akiandika habari za safari za mpakani. Wenye shida waliuliza maswali chini ya habari zake, na vishoka wakabandika namba zao: "Nipigie, mambo safi." Fausta alijibu swali lenyewe. Alieleza karatasi ipi ianze na ipi ifuate, akamalizia kwa jina lake na Tunduma, basi.

"Unagawa kazi bure," nilimwambia.

"Nesta, mwenye namba kila ukuta ni kishoka. Mimi nataka wanijue kwanza."

Nilimcheka, kisha nikanywea. Bwana Mbonile, mwenye malori ya Lusaka, alikuja mwenyewe kumuulizia "yule Fausta wa kwenye blogu". Akamwahidi kazi ya malori yake yote; Ijumaa wangesaini mkataba. Fausta alicheza mpaka kandambili zikamtoka.

Alhamisi asubuhi akarudi kutoka forodhani midomo imempauka. Getruda, mama mmoja wa Kamsamba, alikuwa ameuliza kwenye blogu kuhusu kuvusha mchele wake kwenda Zambia. Fausta alimjibu apakie tu, ukaguzi utafanyika mpakani. Kumbe utaratibu ulikuwa umebadilika: mchele unakaguliwa ghalani kabla ya kupakiwa. Lori likifika hivyo litarudishwa, na masika ile mchele ungeloa njiani. Yule mama naye alikuwa ameshaandika: "Asante dada, kesho napakia." Hiyo kesho ndiyo Alhamisi yenyewe.

"Mpigie!"

"Namba yake sina. Yangu nayo hana."

"Basi mwombe Mzee afute lile jibu, Mbonile asilione."

Alinikata jicho. "Likifutwa, mama wa watu atajuaje?"

Simu nayo ikagoma. Ilikuwa imedaka mtandao wa Zambia, kama ilivyo ada ya simu za mpakani. Tukakimbia kuelekea njia ya Mbeya, simu juu, tukiitafuta Tanzania hewani. Ilipopatikana, Fausta akaandika: "Mama Getruda, usipakie. Nilikosea mimi Fausta. Nipigie." Akaweka namba kwa mara ya kwanza.

Kioo kikajibu: maoni yako yanasubiri kuidhinishwa.

Mwenye kuidhinisha, Mzee Andongwisye, huenda alikuwa shambani. Tulikaa juu ya jiwe, kila muda Fausta akifungua ukurasa ule ule. Nami nikawa namhimiza aufungue tena, utadhani mchele ni wangu. Jua lilipoanza kuchoma, maoni yakatokea, na simu ikaita.

Alikuwa Mbonile. "Nimesoma," alisema. "Binti, malori yangu siwezi kumpa mtu wa kubahatisha." Akakata.

Fausta alilia pale pale barabarani, watu wakipita. Nilimchukia yule mwanaume kwa moyo wangu wote. Getruda hakupiga siku ile, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Tukaamini mchele umeshaloa.

Wiki iliyofuata lori lilisimama mbele ya duka langu. Vishoka wakalivamia, kila mmoja na namba yake. Mama mmoja mwembamba akashuka, cheti cha ukaguzi wa ghalani mkononi, akawapita bila kugeuza shingo.

"Habari za hapa, mama. Namtafuta Fausta."

Nikajua ni Getruda. Nikaziba mlango wa Fausta kwa mwili wangu, maana nilidhani amekuja na shari. "Fausta yupi?"

"Yule aliyekosea," akasema. "Hawa wengine siwajui."