Mchanga Juu ya Mistari

Hebu mwone anavyokuja, msomaji wangu. Mwanamke wa makamo, mfupi, anatembea upande upande, amekumbatia boksi la viatu kama aliyebeba mayai. Mvua imekatika sasa hivi na kandambili zinamrushia tope mpaka mgongoni. Anafika kwenye duka la vifaa vya shule, anajipangusa miguu, anapiga hodi japo mlango uko wazi.

Majirani humwita Mama Makombe, maana hapiti ufukweni bila kuinama kuokota makombe. Ndani ya boksi mna kadi za harusi, za pongezi na za ugua pole, zote za bahari: mawimbi, kaa, shakwe, mnara wa taa. Kazi hiyo waliianza wawili, yeye na mumewe aliyekuwa mwandika mabango. Mzee alichora, mke akabandika kombe moja dogo pembeni, basi.

Halafu kiharusi kikamshika mzee. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi kidogo, mkono wa kuume ukarudi na mtetemo. Wimbi lake likawa kama uzi uliochezewa na paka. Lakini akishika kalamu uso humfunguka, hata utani ukamtoka: "Kaa wa leo ana hasira, mke wangu, mpishe apite." Asipochora hugeukia ukutani, akalala hivyo hivyo mpaka jioni.

Kwa hiyo mke alibuni njia. Mzee akimaliza, yeye huzichukua kadi jikoni, akaipaka gundi ile mistari yote, akanyunyiza mchanga juu yake, akaunyoosha kwa kijiti. Mzee akiuliza, huambiwa mchanga ndiyo fasheni.

Sasa, mchanga wa baharini haubandikwi hivi hivi. Huoshwa tena na tena, ukakaangwa kwenye sufuria mpaka ukauke kabisa, maana chumvi ikibaki huvuta unyevu na gundi haishiki. Mama Makombe analijua hilo vizuri mno. Ila mwezi uliopita mzee alianguka bafuni, akawa wa kuinuliwa na kugeuzwa, na mchanga ukaoshwa mara moja tu, juu juu.

"Karibu, mama," mwenye duka akasema, na sauti haikuwa ya karibu. "Njoo uone maajabu."

Akampeleka kwenye rafu. Mchanga wote wa kadi alizoleta mara ya mwisho ulikuwa umemwagika, umejaa kwenye vichongeo na mifuko ya kalamu. Na mistari ya mzee iko nje, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Mteja amecheka hapa mpaka machozi," mwenye duka akasema. "Nani anakuchorea siku hizi? Mjukuu?"

Mama Makombe akachukua kichongeo kimoja, akakipangusa mchanga.

"Mjukuu," akasema.

"Basi mwambie ashike masomo. Zile za zamani, za mzee mwenyewe, zilikuwa zinajiuza. Niletee hizo, rafu ni yako. Za mchanga, hapana."

"Mzee amepumzika kidogo."

"Mpe pole. Lakini mama yangu, kama huna hizo, hapo naweka kava za simu."

Mama Makombe achore mwenyewe? Aliwahi kujaribu kaa, jirani akamuuliza mbona amechora feni. Duka jingine? Mengine yote yanauza kadi za kiwandani, na watu wenyewe siku hizi wanatumiana picha kwa simu. Alirudi na boksi lake vile vile, zito, akaliacha nje nyuma ya pipa la maji kabla ya kuingia.

Mzee alikuwa ameegemezwa mito, blanketi lote limetandazwa kadi mpya zinazokauka. Minara imelala kama walevi.

"Umerudi upesi! Amezipenda?"

"Amezitazama sana," mke akasema, akijifanya kutafuta kanzu ya kufua.

"Nilijua. Sasa sikiliza. Hizi usizitie mchanga. Mkono unarudi, mke wangu, nauhisi. Nataka wauone." Akapumua, akacheka kidogo. "Na safari hii twende wote. Utanishika huku, nitazikabidhi mwenyewe. Ni siku nyingi sijamsalimia yule bwana."

Akainua kadi moja dirishani, mkono ukitikisika, kadi ikitikisika nao, akamsubiri mkewe aseme neno.

Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ungemwambia nini?