Digidigi wa Bibi

Ukimwaga maji ya kuoshea vyombo juu ya mchanga uliochomwa na jua la Dodoma, hupanda harufu ya vumbi, ya majivu, na kidogo ya mvua. Nikiisikia tu, narudi nyumbani kwa bibi yangu, jirani na Mvumi, nikiwa na miaka minane.

Wakati wa kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka, bibi alibakiwa na kijani kimoja tu: bustani ndogo ya kunde na mchicha nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa miiba uliozunguka nyumba yote. Ilikunywa maji yetu yaliyokwisha kazi, ya vyombo, ya kunawa, hata ya kuoga. Asubuhi moja nikakuta humo nyayo ndogo, kila moja kama punje mbili za kunde zilizolazwa pamoja. Kesho yake nikawaona wenyewe: digidigi wawili, dume na jike, swala wadogo waliomzidi sungura kidogo tu, pua zikichezacheza.

Sasa nikueleze kosa langu. Kwa bibi, mgeni akiwa ndani, tawi la miiba linalofunga mlango wa uzio halikuvutwa, asije akajiona mfungwa. Mimi nikaona hao nao ni wageni. Nikaliacha tawi pembeni usiku na mchana. Niliwatilia maji kwenye kigae cha chungu, na kila asubuhi niliwaamkia, "Mbukwenyi!" kama tunavyowaamkia wakubwa.

Bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wako watalishikaje?" Lakini aliniacha, akawa anachuma majani waliyobakiza.

Wiki mbili hazikupita, wakawa wanakula huku nafagia hatua mbili kutoka walipo. Nilivimba kichwa.

Ndipo akaja jirani yetu Malogo, mfugaji, kurudisha shoka. "Shikamoo, mama." Kisha akawaona. Akawasogelea taratibu, akamgusa yule dume mgongoni kwa fimbo yake ya kuchungia. Dume akageuza sikio tu, akaendelea kutafuna.

"Mama, kitoweo kinangoja chumvi!" Malogo akaangua kicheko. Kikamwishia. Akasema kwa sauti ya chini, "Leo ni mimi. Kesho atapita asiyekunywa maji kwako."

Bibi akapokea shoka.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilimkuta bustanini, khanga ikiwa imejaa mabonge ya udongo. Alirusha la kwanza, likampata jike ubavuni, pu! Nikamshika sketi kwa nguvu zangu zote.

"Bibi, usiwapige! Ni wageni!"

"Ndiyo maana," akasema, akarusha jingine.

Walichomoka mlangoni mwa uzio wakipiga mluzi wao mkali, wakapotelea vichakani. Bibi akavuta tawi la miiba, akafunga. Nikadhani amewachukia. Siku hiyo nilisusa chakula chake, isipokuwa mlenda, ambao hakuna Mgogo aliyewahi kuususia.

Digidigi hawakurudi bustanini. Mara mojamoja tuliwaona kwa mbali, ng'ambo ya korongo. Wakituona tu, hao, mbio. Bibi alikuwa akisimama na kuwatazama mpaka wanapotea, halafu anasema, "Vizuri," na kurudi kwenye kazi yake. Iliniudhi sana, hiyo "vizuri".

Leo ninaishi Chamwino, nina bustani yangu, nami najua kwamba kumkaribisha mgeni si kumfungulia mlango tu. Ni kuifikiria pia njia atakayorudi nayo.

Wiki hii niliziona tena zile nyayo za punje mbilimbili kando ya mchicha wangu. Asubuhi ya leo akawa amesimama hapo digidigi mmoja, ananitazama bila hofu yoyote. Mwanangu alikuwa ameshampa jina.

"Mama, tumtilie maji?"

Nikainama, nikaokota bonge la udongo.