Mlima Uliopungua

Kaka yangu alikuwa na baiskeli nyeusi, ile nzito ya chuma ambayo watu huiita blakmamba, na usukani wake aliupinda kwa makusudi. Upande wa kulia ulipanda juu, wa kushoto ukashuka karibu na goti. Kwetu Waturkana, mwanamume huzipinda pembe za dume ampendaye ili asifanane na dume wa mtu mwingine. Kaka alikuwa mtu wa mjini, Lodwar, hakuwa na dume. Alikuwa na baiskeli. Akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea na kuisimamia kazi mpaka pembe zikakaa alivyotaka.

Tangu hapo baiskeli ilivuta kushoto. Ukizubaa kidogo, inakuingiza kwenye miiba. Yeye alisema dume mwenye akili lazima awe na mawazo yake.

Kila Krismasi alifunga shati jipya kwenye karia akaondoka kwenda kwa mama, Lopur, karibu na Kakuma. Siku tatu za vilima na upepo. Alifika amelowa jasho, mama akamchinjia mbuzi, na sisi tuliokuja kwa gari tukapewa supu. Jioni alisimulia jinsi alivyoupanda mlima wa mawe meusi bila kuweka mguu chini, hadi wazee wakasahau kutafuna.

Alikufa kwa homa, kitandani, bila hadithi yoyote. Tulimzika Lopur, na baiskeli ikabaki Lodwar, imeegemea ukuta wangu. Baada ya maziko mama aliniita.

"Dume wa mwanangu aje nyumbani," alisema. "Asiletwe juu ya gari kama gunia. Aje kwa pumzi, kama alivyokuja na mwenyewe."

Nilimwambia nitamleta. Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, niliishia darasa la saba, na baiskeli naendesha kila siku na mzigo wa kuni nyuma. Lakini sababu ilikuwa nyingine. Kwenye maziko sikulia. Nilisimama tu pale kama nguzo. Watu waliliona hilo, na mama aliliona. Nilitaka angalau jambo hili moja nilimfanyie kaka sawasawa.

Shule zilipofunga nikapata mwenzangu wa safari. Alikuwa rafiki wa kaka, fundi wa baiskeli kutoka Sudan Kusini anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuja Lodwar na kibali chake kununua cheni na tairi. Ni mzee mrefu sana, na akikanyaga pedali magoti yake hufika masikioni. Aliposikia mama alivyoniagiza, alikuna kidevu kwa muda.

"Dada, hii njia iko mrefu," alisema. "Tuweke baiskeli kwa lori. Tushuke pale kwa laga ya mwisho, ule mto mkavu, tuingie na pedali."

"Mama alisema kwa pumzi."

"Pumzi tutakuwa nayo. Hata juu ya lori mtu anapumua."

Nikamwambia twende kwa pedali.

Siku ya kwanza yule dume aliniingiza kwenye miiba mara nne. Mara ya nne fundi alibandika viraka huku akicheka peke yake. Wachungaji wawili walisimama na mbuzi zao kutuangalia.

"Huyo dume amekubali kupandwa na mwanamke?" mmoja aliuliza.

"Hajakubali," fundi alimjibu. "Angalia magoti ya huyu mama."

Tulilala kwa binamu yangu kando ya barabara. Asubuhi nilijiinua kwenye mkeka kwa mikono, miguu ikikataa kunifuata.

Siku ya pili, upepo ulikuja usoni tangu jua lilipochomoza. Karibu na saa sita tuliona kibanda cha chai. Kwa ajili ya msiba nilikuwa nimenyoa kichwa na kuvua shanga, na kwa mbali mwenye kibanda aliona kichwa kitupu kama cha kaka na zile pembe tu.

"Ejok, mume wangu wa uongo," alinisalimu kwa Kiturkana. "Leo lori limekuachia wapi?"

Halafu akaniona vizuri, akafunika mdomo kwa kanga.

Sikujua namna ya kulisema polepole, kwa hiyo nikalisema. Mama yule aliketi juu ya mtungi wa maji. Alimimina chai kwenye kikombe, akamwaga kidogo kando ya gurudumu la mbele, kilichobaki akanipa mimi. Nilipomaliza kunywa nikamuuliza lori gani. Alianza kupanga sukari. Nikamgeukia fundi. Alikuwa akihesabu spoku zake kwa makini, kama mtu aliyeagizwa na serikali.

Siku ya tatu asubuhi tukafika kwenye mlima. Si mlima wa kutisha ukiuona kutoka dirishani. Lakini barabara inapanda katikati ya yale mawe meusi bila kupumzika, joto linatoka chini na upepo unatoka mbele. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kupanda niliposikia lori nyuma yetu. Lilikuwa limebeba unga kwenda Kakuma, nalo lilipanda kwa shida kama mimi. Dereva, mzee mwenye ndevu nyeupe, alitoa kichwa.

"Mlete dume juu," alisema. "Nafasi yake juu ya unga ipo kama kawaida."

Akaniona, akamtazama fundi. Fundi alimweleza msiba kwa maneno machache, lori likiendelea kujikokota kando yetu.

"Kila mwaka?" nikamuuliza fundi.

"Dada, ndugu yako alikuwa anaheshimu huu mlima sana. Alikuwa anauangalia kutoka juu, kwa adabu."

"Na jasho?"

"Mafi mushkila, hakuna shida. Jasho ilikuwa kwa jerikeni."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa ajili ya mbuzi wote wale na supu yote niliyokunywa. Na hapo hapo, magoti yananiuma, mnyororo mmoja ulikuwa unaning'inia nyuma ya lori, karibu kabisa na mkono wangu. Sitasema nilisukumwa na hasira. Nilikuwa nimechoka. Niliushika, nikavutwa mpaka kileleni bila kukanyaga pedali hata mara moja. Fundi alinikuta juu akihema, akanitazama, akawa na heshima ya kutotabasamu.

Mchana tulifika Lopur. Mama alikuwa amekaa nje. Alizishika zile pembe mbili, moja kwa kila mkono, akakaa nazo hivyo kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza.

"Umempanda njia nzima?"

Fundi alikohoa. Najua alichotaka niseme. Hata mimi nilitaka.

"Njia nzima isipokuwa mlima wa mawe meusi," nilisema. "Pale nilishika lori."

Mama alitikisa kichwa taratibu.

"Wewe umeshika. Yeye alikuwa akikalia."

"Ulijua?"

"Suruali yake nyuma ilikuwa nyeupe kwa unga kila Krismasi. Barabara gani ina unga? Nilimchinjia kwa sababu alijitahidi kunidanganya. Mtu hajisumbui hivyo kwa asiyempenda." Akaachia zile pembe. "Lakini nilitaka mtoto wangu mmoja aipande njia hii kweli. Sasa umeniletea njia, na mlima umepungua. Kesho kaulete."

"Mama, magoti yangu."

"Kwenda, panda chochote. Kurudi, ni kwa pumzi."

Fundi alisema amefika nyumbani, khalas, ana duka la kufungua. Asubuhi nilimkuta ananingoja barabarani, cheni yangu ameshaipaka mafuta.

Lile lori lilikuwa likirudi Lodwar tupu. Lilitubeba mpaka chini ya mlima. Fundi alikaa. Mimi nilisimama njia nzima nimeshikilia ubao, nisiguse vumbi la unga.

Kisha nikapanda. Nilisimama mara mbili kupumua, mguu chini, sikuutoa mahali ulipokanyaga, halafu nikaendelea pale pale nilipoachia. Dume alivuta kushoto na mimi nikamvuta kulia, tukagombana hivyo mpaka juu. Kileleni nilitaka kumwambia kaka neno baya nililoliandaa tangu chini. Halikutoka. Nilicheka tu, nikimwona na jerikeni yake, akijimwagia jasho.

Mama alikuwa pale pale nje tuliporudi.

"Geuka," alisema.

Niligeuka. Alinikagua sketi nyuma, polepole, kama anayetafuta kupe. Hapakuwa na unga. Hata hivyo alianza kunipangusa, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu mkono wake ukabaki pale pale mgongoni. Hapo ndipo nilipolia.